Walitaka jina la ukoo kwenye XML yetu, Bujumbura tukagoma

Wakuu, salamu kwenu wote: wa backend, wa frontend, na nyie mnaosoma kimya kimya bila hata kugonga like.

Juzi humu jukwaani kuna mtu alilalamika kwamba client wake wa nje anamlazimisha abadilishe data ili ziingie kwenye schema yao. Wengi mkamshauri abadilishe tu, kazi ni kazi. Damu ikanichemka. Nikasema hapa siwezi kupita kama sijaona.

Leo natoa langu. Niliyoandika humu niliyaona kwa macho yangu, na pale ambapo kumbukumbu imefifia nitawaambia imefifia. Asiyeamini aruke uzi, hatutagombana.

Halafu jambo moja kabla sijaanza. Mimi ni mwanamke. Mnaonijibu "kaka" kila siku endeleeni tu, nimeshazoea.

Mimi ni mzaliwa wa Bwiza, Bujumbura. Baba yangu alitoka kwenye zile familia za maduka zenye asili ya Oman, mama yangu ni Mrundi wa Gitega. Nimekulia kwenye Kiswahili cha mtaani, Kirundi cha kwa bibi na Kifaransa cha shule. Nikasoma informatique, mambo ya kompyuta, chuo kikuu huku vita ikiendelea, kuna vipindi tulisoma na kuna vipindi tulikaa nyumbani tukisikiliza milio.

Kisa chenyewe ni cha miaka ya mwisho mwisho ya vita, kabla ya uchaguzi wa 2005. Mji ulikuwa umechoka. Leo kombora linaanguka mtaa fulani, kesho yake watu wa mtaa huo huo wanafagia vioo na kufungua duka. Ofisi zilifungwa mapema ili kila mtu awahi nyumbani kabla ya couvre-feu, ile amri ya kutotoka nje usiku.

Nilikuwa nafanya kazi Rohero, ghorofani, juu ya duka la vitambaa. Shirika letu lilitafuta watu waliopotezana kwa vita. Jina silitaji, msiniulize PM.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kuna watoto waliovuka kwenda Tanzania peke yao wakaishia kambini. Kadi zao zilikuja kwetu Bujumbura. Na ndugu waliobaki wakitafuta watoto walipanda ngazi zetu, wakakaa kwenye benchi, wakaeleza. Sisi tuliingiza yote kwenye database, na web application niliyoandika mimi ndiyo iliyoonyesha taarifa hizo.

Makao makuu yalikuwa Ulaya. Wao walikuwa na system kubwa ya kulinganisha. Ilitakiwa ivute taarifa kutoka kwetu, ipige hesabu zake, kisha iwaambie wafanyakazi wa kambini: mtoto huyu ndugu yake ni huyu, mpelekeni huku.

Na namna ya kuvuta ilikuwa XML, maandishi ambayo kila taarifa imefungwa kwenye tag yake.

Nyie wa leo mnarudisha JSON kwa mstari mmoja halafu mnalalamika kazi ngumu. Tulieni niwape shida za wakubwa zenu.

Framework yetu ilikuwa ya Java, na kila action ndani yake, ile code inayojibu ombi, ilijua kurudisha kitu kimoja tu: ukurasa wa HTML. Nikaambiwa URL zile zile zirudishe XML pale system ya Ulaya inapoomba. Nikasema sawa, hiyo ni kazi ya asubuhi moja. Wapi! Ilinila wiki.

Kwanza niliunganisha string kwa alama ya kujumlisha, tag kwa tag, kama mtu anayeshona shuka kwa viraka. Kadi moja ikawa na alama ya "&" katikati ya majina, response nzima ikafa. Nikatupa zile string nikaandika template safi ya XML.

Kutuma tu, Ulaya wanajibu haisomeki. Natafuta, natafuta. Kumbe layout ya site imejibandika juu: logo ya shirika, menyu, "Bienvenue", ndipo XML yangu ianze. Nikazima layout. Bado haisomeki. Kulikuwa na mstari mtupu kabla ya tangazo la XML kule juu, na parser yao, ile inayosoma XML, haikutaka hata hewa pale mbele. Nikautoa.

Ikasomeka, lakini kila Espérance na kila Désiré anatokea na madudu katikati ya jina, kwa sababu database yetu ilihifadhi herufi kwa encoding moja na response ilitangaza nyingine. Na hapo umeme unakatika, jenereta la duka la chini linakohoa, modem inaanza upya kuimba. Nilitukana kwa lugha zangu zote tatu.

Mwishowe ikapita. Content type sahihi, herufi sahihi. Nikajipongeza kwa brochette, mishikaki ya kwetu, pale Bwiza.

Ndipo wakaleta schema.

Kwa wasiojua: schema ni sheria ya XML. Inasema kipi lazima kiwepo, kipi hiari. Ukivunja sheria hata kwa mtu mmoja, faili lote linarudishwa. Na katika sheria yao, kila mtu lazima awe na element, yaani nafasi yake, ya jina la ukoo. System ingetumia hiyo kujua nani ni ndugu wa nani. Wenye jina moja, familia moja. Wenye majina tofauti, hawahusiani.

Warundi mliomo humu najua mmeshashika kichwa. Wengine niwaeleze.

Kwa Warundi kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe. Jina hilo linasema kilichokuwa moyoni mwa wazazi wakati ule: shukrani, uchungu, majirani wabaya, Mungu. Halirithiwi. Siku hizi wapo wanaowapa watoto jina la baba, lakini wengi bado siyo hivyo. Baba mmoja, mama mmoja, watoto watano, majina matano. Mama yangu na wajomba zangu hakuna hata wawili wenye jina moja.

Na kinyume chake ni kibaya zaidi. Ukiita "Ndikumana!" katikati ya soko watageuka wengi, na hakuna anayemjua mwenzake.

Kwa hiyo ile system ingevunja familia za kweli na kuunda familia za uongo. Kwa kompyuta, kwa kasi, na kwa muhuri wa shirika.

Mkuu wa ofisi yetu alikuwa Mzee Déo. Mtu wa tai, hata siku ambazo mji unanuka moshi anakuja na tai. Mpole, msomi, ila mwoga wa makao makuu kupita kiasi. Wakikohoa Ulaya, yeye anatafuta dawa Rohero.

Nikamweleza. Akanisikiliza vizuri tu, kisha akasema, "Zena, weka ile jina ya pili ya kila mutu, iingie mu hiyo element. Tufunike kombe."

"Chef, lakini hiyo siyo jina ya familia."

"Najua siyo. Mi ni Murundi, we unifundisha? Mais wakikataa faili yetu, mkataba inaisha. Mwenye nguvu mupishe."

Nikaweka, kwa majaribio. Sikuona haya kufanya majaribio, nilitaka nione kwa macho itakachotoa.

Sasa hapa niwaambie habari ya Espérance.

Alikuwa msusi, binti mdogo tu, saluni yake ni kibaraza cha nyumba ya jirani yetu Bwiza. Ndiye aliyenisuka. Jina lake la pili, la Kirundi, ni Nshimirimana. Wazazi walikufa miaka michache nyuma, mtaa wao wa Kamenge ulipochafuka, na katika kukimbia alipotezana na wadogo zake wawili: mvulana anaitwa Ndikumana, na kitoto cha kike, Kaneza, ambaye alikuwa ndiyo kwanza anaanza kutembea.

Alikuja ofisini kuandikisha. Na kweli, kadi za watoto wawili wenye majina hayo zilikuwa zimefika kutoka kambi moja ya Tanzania. Jina la baba lile lile, jina la mama lile lile, kilima cha asili kile kile (kwetu kilima ndiyo kijiji). Mtoto wa darasa la pili angeona ni wa tumbo moja. Nilishamwambia Espérance kwamba wanaonekana, tunasubiri tu system ithibitishe. Alinisuka siku hiyo huku anaimba, akakosea mistari ikabidi afumue.

Majibu ya majaribio yakarudi.

Kaneza: hana ndugu aliyepatikana.

Espérance: hana ndugu aliyepatikana.

Ndikumana: ndugu amepatikana. Mwanamume mzima, anaitwa Ndikumana, kambi nyingine kabisa, mtu wa mkoa mwingine kabisa. Pendekezo: mtoto ahamishiwe kwake.

Nilisoma mara mbili. Mvulana angepakiwa kwenye gari apelekwe kwa mtu asiyemjua, na yule mdogo wake wa kike abaki peke yake kambini, bila hata yule mmoja aliyekuwa anamjua duniani. Na wakishatenganishwa kwenye makaratasi, nani atawatafuta tena? Maji yakimwagika hayazoleki.

Na tarehe ya kuwasha mfumo ilikuwa imeshapangwa. Tukisema "sawa", watu wa kambini wanaanza kuhamisha.

Nikaingia kwa Mzee Déo na karatasi mkononi. Nikamsomea. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Tutawaandikia barua," akasema. "Polepole. Watarekebisha version inayokuja."

"Na hii mutoto, chef? Yeye naye angoje version?"

Akageukia makaratasi yake. Nami sikungoja ajibu.

Nilirudi mezani, nikafungua ile action. Database sikuigusa, sikufuta hata herufi. Nilifanya hivi: kila system ya Ulaya inapoomba taarifa, application yangu inarudisha XML fupi, safi, yenye status ya kwamba huduma haipatikani, na ndani yake element moja ya sababu. Niliandika kwa Kifaransa, Kiswahili chake ni hiki: "Burundi ndugu hawashiriki jina. Schema yenu inatenganisha watoto. Hatutumi chochote mpaka muweke baba, mama na kilima."

Jina langu nikaliweka chini. Sikutaka mtu mwingine aulizwe.

Kisha nikaenda kumwambia Mzee Déo nilichofanya, uso kwa uso. Alishika kichwa. Akasema nimemaliza ofisi. Akasema nitoe sasa hivi. Nikamwambia mwenye kutoa atoe, source code iko pale, mimi mkono wangu hautafanya hivyo. Hakuna mwingine aliyejua Java ofisini, na wote wawili tulilijua hilo.

Ndiyo, nilikuwa na kiburi. Na kiburi hicho nakipenda mpaka leo.

Kesho yake asubuhi simu ikalia. Ni Msieu Gérard, ndiye aliyesimamia system kule makao makuu. Mzee Déo akaiweka kwenye spika, tukakaa watatu: yeye, mimi na simu. Mazungumzo yalikuwa kwa Kifaransa, nawafasiria.

Gérard hakuwa mtu mbaya. Sauti ya upole, ya mtu aliyelala vizuri. Akasema, "Mademoiselle, schema hii inatumika katika nchi nyingi na haijaleta tatizo."

Nikasema, "Umeuliza watoto wa nchi hizo, au umeuliza server?"

Mzee Déo akanikanyaga mguu chini ya meza.

Gérard akaendelea. Akasema anaelewa kuna mila, lakini bila jina la ukoo data haina mpangilio, na watu lazima wawe na njia ya kujua familia zao.

Hapo sikuweza. Nikasema tunazijua familia zetu vizuri sana, tunamjua mtu kwa baba yake, kwa mama yake na kwa kilima chake, na tumekuwa tukijuana hivyo kabla kompyuta haijazaliwa. Anayepotea hapa ni system yake peke yake.

Gérard akasema kwa ukavu, "Monsieur Déo, wewe ndiye mkuu. Je, ofisi yako inatuma taarifa au haitumi?"

Nilijua nimekwisha. Nilimwangalia Mzee Déo, alikuwa anaangalia ile spika kama ni mtu. Akalegeza tai. Sikuwahi kumwona akilegeza tai.

Akaanza kutaja majina.

"Mimi ni Nzeyimana. Kaka yangu mkubwa ni Barampama. Dada yetu ni Nahimana. Mdogo wetu wa mwisho ni Sinzinkayo." Akaisogelea spika. "Huyo wa mwisho namtafuta. Yumo kwenye database hiyo unayoiomba, nilimwingiza mimi mwenyewe. Nieleze, Msieu Gérard, mashine yako itanirudishia nani?"

Wakuu, nilikuwa nimefanya kazi na mtu huyu, nimekula naye, nimemcheka mgongoni kwa woga wake. Sikujua. Alikuwa anaogopa mkataba usife kwa sababu ofisi ikifungwa na mdogo wake anapotelea humo humo.

Mzee Déo akanigeukia, sasa kwa Kiswahili chetu, "Zena. Acha iko vile umeiweka. Mtu asiiguse."

Akamwambia Gérard kwamba ofisi ya Bujumbura haitumi, sababu zimeandikwa ndani ya response, asubuhi njema. Akakata simu yeye mwenyewe.

Tukakaa. Nikalia, naye akalia, na yule dada wa mapokezi alipofungua mlango na chai akaufunga tena taratibu.

Waliofuata ni wakubwa wa Gérard. Fax za ukali, vitisho vya kufunga ofisi, ahadi ya kutuma mtaalamu mwingine ambaye hakuja, maana Bujumbura ya wakati ule nani angekuja. Sisi tukaendelea kupokea watu kwenye benchi, na kila system yao ilipogonga mlango ilikuta ile ile XML yangu fupi. Espérance nilimwambia ukweli, kwamba mimi ndiye niliyefunga na kwa nini. Nilidhani atanilaumu kwa kumchelewesha. Akasema, "Da Zena, heri ningoje. Mi nataka wote wawili. Ukinipa moja umenipa nusu ya jicho."

Mwisho wakainama wao. Ikaja schema mpya: jina la ukoo hiari, na mahali pa baba, mahali pa mama, mahali pa kilima. Gérard mwenyewe ndiye aliyeituma, na chini akaandika anaomba radhi. Nampa heshima yake kwa hilo.

Niliandika template upya. Response ikatoka. Jibu likarudi: Nshimirimana, Ndikumana, Kaneza, familia moja.

Walikuja na basi la kurudisha watoto, mchana wa jua kali. Nilimsindikiza Espérance. Mvulana alimtambua dada yake kabla hata hajashuka, akaanza kulia pale pale mlangoni. Yule mdogo hakumjua mtu. Espérance akamnyooshea mikono ambebe, akakataa, akajificha nyuma ya kaka yake.

Alikuwa ameshika shati la kaka yake kwa nyuma. Shati lilikuwa limenyooka mahali pale paliposhikwa, kitambaa kimekuwa kama mkia. Ndikumana akasema bila haya, "Anashikaka hapo kila siku. Hata tukilala. Alishikaka tangu tulikimbia."

Mkono ule, wakuu. Ule mkono ndio tulioambiwa tuuachishe ili faili lao lipite.

Kabla hamjaniuliza mengine, nawajibu kabisa. Mkataba wangu haukuongezwa, sababu waliyoandika ni nidhamu. Mzee Déo alinipigania akashindwa. Mdogo wake, kwa ninavyojua mimi, hakupatikana, na yeye hakuacha kumtafuta. Nilikaa bila kazi muda wa kutosha mpaka nikarudi kuuza dukani kwa baba.

Na ningefanya tena. Kesho asubuhi, kwa schema yoyote, ya nchi yoyote.

Somo langu siyo la XML. Template mtajifunza, encoding mtajifunza, hata mstari mtupu wa juu utakukera mara moja tu maishani. Ila validator, ile inayokagua kama umefuata schema, ikikwambia "valid", imekuhakikishia umbo tu. Ukweli wa kilichomo ndani ni dhamana yako wewe uliyeandika code, na hakuna mtu wa Ulaya atakayekubebea. Ukiona data inamsingizia mtu, simama. Usiseme "mimi ni developer tu." Hakuna developer tu.

Haya, jukwaa ni lenu. Aliyewahi kugomea matakwa ya client atupe kisa chake, na aliyekubali akajuta aje pia, hatumrushii mawe.

Ila wewe utakayeandika "dada, si ungeweka jina lolote tu yaishe," karibu sana. Nipo online, nakusubiri wewe hasa.